Ukiingia msitu wa Kakamega angalia chini: dalili za uharibifu na cha kufanya ukizipata

Watu wengi wakifika Kakamega Forest wanaangalia juu tu. Mbega, kima, vipepeo, selfi mbili tatu pale Lirhanda Hill alafu hao, matatu ya kurudi Kisumu, na ukiwauliza watakuambia msitu uko poa, kijani mpaka macho yanachoka. Ni kweli, ukiwa pale kilimani uko poa. Lakini huu msitu hauliwi na matingatinga, unaliwa kidogo kidogo na waya wa breki, panga na msumeno, na hizo alama zote ziko chini, kwa vijia ambavyo mgeni hapiti. Haya nayaandika kwa yule anayeishi karibu ama anayetembea huko mara kwa mara, mwalimu wa klabu ya mazingira, kijana wa kuelekeza wageni, mwanachama wa kikundi cha msitu, ama tu mtu wa Kisumu anayependa kutoka wikendi na hataki kupita kitu bila kukielewa.

Kwanza ujue umesimama kwa nani

Usiruke hii, ju ripoti nyingi zinapotelea hapa. Msitu ni mmoja lakini wasimamizi ni wawili. Kaskazini, yaani Buyangu pamoja na kile kipande cha Kisere, ni hifadhi ya taifa tangu 1985 na iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori, hapo hata kuni huchukui. Kusini, kuanzia Isecheno kushuka mpaka Kibiri, ni KFS, shirika la misitu, na hapo kuna vitu vinaruhusiwa kwa kibali: kuokota kuni kavu, kukata nyasi, sehemu zingine kulisha. Kwa hivyo kitu kilekile, mama na mzigo wa kuni kichwani, upande mmoja ni makosa na upande mwingine ana risiti yake ndani ya leso na hakuna haja ya kumsumbua. Kama hujui uko wapi uliza kabla hujaanza kunyoosha kidole.

Alafu ujue ni nini kinaharibiwa. Kwa karatasi ni kama kilomita mraba 240 hivi, lakini msitu wa asili wenyewe ni takriban nusu tu, hiyo ingine ni miti ya kupandwa, chai, nyasi na vichaka. Na hiyo nusu ndo mabaki ya mwisho hapa Kenya ya ile misitu ya mvua inayotokea Kongo, ndo maana hapa unapata yule ndege shorobo mkubwa wa bluu, poto anayetembea usiku pole pole juu ya matawi, kima wa De Brazza mwenye ndevu nyeupe kule Kisere, na nyoka kama Gaboon viper ambao ukivuka Rift Valley kwenda Nairobi huwapati. Tembo na nyati pia walikuwa hapa zamani. Waliwindwa wakaisha.

Kabla hujaingia

Ingia asubuhi. Huko mvua inapenda kuja mchana ikiwa na radi, na njia ikilowa alama zote zinafutika. Usiende peke yako, chukua mwelekezi wa pale pale, Isecheno kuna KEEP, kikundi cha wenyeji ambacho kimekuwa kikifundisha mazingira tangu miaka ya 1990, na Buyangu utaulizia getini. Vaa gambuti, ama kama ni viatu basi ingiza suruali ndani ya soksi ju siafu wa huko hawana huruma. Panga acha nyumbani kabisa, ukikutwa nayo ndani utaeleza nini? Na utoke mapema: Sheria ya Misitu ya 2016 inakataza kuwa ndani ya msitu kati ya saa moja usiku na saa kumi na mbili asubuhi bila ruhusa, labda uwe unapita barabara inayojulikana.

Simu iwe na chaji, bando si lazma. GPS ya simu inashika bila intaneti, ni ramani tu ndo inataka bando, kwa hivyo pakua ramani ukiwa nyumbani. Kuna programu inaitwa Forest Watcher, ya bure, inafanya kazi hata bila mtandao, unaandika ulichoona na picha alafu inatuma ukifika penye netiwaki.

Kisiki kina hadithi yake

Ukiona mwanga mwingi mahali ambapo ulipaswa kuwa na giza, kuna mti mkubwa umeanguka hapo. Nenda uangalie, ju si kila mti ulioanguka umekatwa. Ulioanguka wenyewe unang'oka na mizizi na udongo ama unavunjika na vipande vyenye ncha ncha. Uliokatwa una uso. Uso laini wenye mistari iliyopinda ni powasoo, mistari iliyonyooka ni msumeno wa kuvuta watu wawili, na vipande vipande kama vidole ni shoka ama panga. Wajanja wanakifunika kisiki na majani na udongo, ndo unaona rundo la majani makavu limekaa vizuri sana mahali halina sababu ya kuwa. Sukuma na mguu.

Umri wake utaujua hivi. Kama utomvu bado unatoka na unga wa mbao ni mkavu na una rangi angavu, hao watu hawako mbali, wewe piga picha moja uondoke. Kama unga umelowa umekuwa mweusi na uso wa kisiki umepasuka, ni wiki kadhaa. Kama kuna uyoga ama machipukizi yametoka pembeni, ni miezi. Hii inasaidia sana ju foresta akiambiwa tu "kuna mti umekatwa" hajui kama atume askari leo ama aandike tu kwa kitabu.

Tafuta pia mahali pa kupasulia. Mti mkubwa kama Elgon teak haubebwi mzima, unapasuliwa mbao hapo hapo juu ya magogo mawili ama kwenye shimo, kwa hivyo utakuta mabanzi, unga mwingi na njia mpya iliyokanyagwa inayoelekea barabarani. Angalia hiyo njia inaelekea wapi, usiifuate. Nasema tena usiifuate. Mbao inauzwa kwa pesa nyingi na mwenye nayo hatakuuliza jina.

Na kwa nini mti mmoja mzee ni hasara kuliko miche mia: hondohondo hajengi kiota cha vijiti, anataka tundu kubwa ndani ya mti mzee, jike anaingia humo mlango unazibwa na matope mpaka kubaki ufa mdogo tu, dume anamlisha kupitia hapo. Kasuku wa kijivu pia anataka tundu. Mti wenye matundu ni mti wa miaka mingi sana, na ndo huo fundi wa mbao anautaka.

Mtego wa waya

Huu ndo uchunge kabisa, kwa wanyama na kwa mguu wako. Mitego mingi ni waya wa breki ama klachi ya pikipiki, umetengenezwa kitanzi na ukafungwa kwa mti mchanga uliopindwa ama gogo zito. Unalenga paa wadogo wa msituni, nguruwe mwitu, nungunungu, kanga, lakini waya hauchagui, na kima akiukanyaga ni hivo hivo.

Waya wenyewe hutauona kwanza, kwa hivyo usiutafute. Tafuta vitu hivi: mche uliopinda kuelekea njia bila sababu, vijiti vilivyokatwa na kusimamishwa kama ua mfupi pembeni ya njia ya wanyama na kuachwa nafasi moja tu ya kupita, na majani yaliyovunjwa kwa mpangilio fulani kama alama ya mwenye mtego kurudi. Ukipata mmoja simama hapo hapo. Hakuna mtu anategesha mmoja, kawaida inafuatana kwenye mstari huo huo, angalia mbele na nyuma kabla ya kusogeza mguu.

Sasa kuna watu watakuambia uukate uende nao. Mimi naona usiguse. Moja, ukikutwa na askari unatoka msituni umeshika waya wa kutegea, wewe ndo mwindaji mpaka ujieleze. Mbili, askari wanaweza kuamua kuvizia mwenyewe arudi, na ukishautoa hakuna cha kuvizia. Piga picha, chukua namba za mahali, toka, ripoti. Kama kuna mnyama yuko hai ndani yake piga simu kwa KWS hapo hapo na usijaribu kumfungua, mnyama mwenye maumivu atakurarua, na akivuta waya unazidi kuingia.

Dalili ingine ya uwindaji ni tabia ya wanyama. Kima wa sehemu yenye wageni wengi wanakutazama tu wanaendelea kula. Ukifika sehemu kima anakuona tu anatoa sauti ya hatari na kundi lote linayeyuka, hapo kuna mtu anawawinda ama mbwa wanapitishwa. Mbwa pia wanaacha nyayo kwa matope, andika.

Miti inayovuliwa ganda, na mukombero

Hapa ndo uharibifu uko kimya zaidi ju mti unabaki umesimama. Prunus africana ganda lake linauzwa kama dawa ya tezi dume ndani na nje ya nchi, mpaka biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini. Mti ukivuliwa sehemu ndogo unaweza kupona. Ukivuliwa kuzunguka wote unakufa, ju chakula kinachotoka kwa majani kwenda kwa mizizi kinapita kwenye ganda, ukilikata pande zote mizizi inakufa njaa hata kama majani yatakaa kijani kwa muda. Kwa hivyo usidanganyike na majani, zunguka mti wote uangalie shina.

Na kuna ujanja mmoja lazma uujue. Mtu anazungusha panga kwa ganda la mti wowote tu, mkanda mwembamba, alafu anaenda zake. Baada ya muda mti unakauka. Anarudi na kibali chake cha kuni kavu anauchukua mchana kweupe, na ukimuuliza, si ni kavu? Ukiona mkanda kama huo kwa mti mbichi, hata kama ni mdogo, andika. Ukiona mitano sehemu moja, hiyo ni shamba la mtu.

Mukombero nao, ile mizizi inayouzwa Kakamega na Kisumu mjini kwa vifurushi, ukichimbwa ovyo unaacha shimo jipya na kamba ya mmea imening'inia kwa mti ikikauka. Sisemi mtu aache kuutafuna, mimi mwenyewe natafuna. Lakini unakubali kupandwa shambani, na kuna wakulima wanaupanda, kwa hivyo muulize muuzaji umetoka wapi. Watu wa Muliru, kikundi cha wakulima kando ya msitu, walifanya hivo na mmea mwingine wa dawa, wakaupanda mashambani kwao wakatengeneza dawa ya kupaka ya Naturub, na 2010 wakapata tuzo ya Equator Prize. Mmea ukiwa na pesa shambani hakuna anayejisumbua kuuiba msituni.

Asali pia. Mti wenye tundu uliochomwa chini ama kupasuliwa kwa shoka, mtu alikuwa anatafuta nyuki. Moto wa namna hiyo wakati wa kiangazi, Desemba mpaka Februari hivi, unaweza kuingia kwa nyasi ukaenda mbali.

Makaa

Moshi na ukungu vinafanana asubuhi. Ukungu umelala pote na jua likipanda unaisha, moshi unatoka mahali pamoja na unanuka. Tanuri la udongo likiwashwa moshi wake ni mweupe mzito, ni maji yanatoka kwa mti, na likikaribia kuiva unakuwa mwembamba wa bluu bluu. Ukiona wa bluu ujue mwenyewe yuko karibu sana ju huo ndo wakati anakaa macho kodo lisije likawaka likawa jivu. Ondoka. La zamani utalijua kwa duara la udongo mweusi na vipande vya makaa, na pembeni visiki vya miti ya ukubwa mmoja, kiasi cha paja la mtu, ju hiyo ndo inapangika vizuri.

Na tafadhali, kabla ya kulaumu wanakijiji, angalia gunia linaenda wapi. Linapikia mjini.

Mapera, ng'ombe, dhahabu

Mapera yanaenea kwa pembe za msitu na kwa zile nyanda za nyasi, nyani na ng'ombe wanakula wanatawanya mbegu, na yakishika yanafunga vichaka mpaka miche ya asili inakosa mwanga. Ndani ya msitu ripoti kichaka kinachopanuka. Lakini usiende kukata mpera wa shambani kwa mtu kwa jina la uhifadhi, ju watafiti walioangalia mapera ya mashambani kando ya huu msitu walikuta miche ya miti ya msituni ikimea chini yake, ndege wanakuja kula wanaacha mbegu.

Ng'ombe, angalia kama miche imeliwa vichwa na udongo umekanyagwa ukawa mgumu. Nyanda zenyewe kulishwa kidogo si mwisho wa dunia, shida ni wakiingia chini ya miti.

Dhahabu inachimbwa pande za Ikolomani na Shinyalu tangu miaka ya 1930. Ukiona mto umekuwa kahawia na haijanyesha, kuna mtu anaosha udongo huko juu, na palipo na kuosha dhahabu mara nyingi pana zebaki, usinywe na usiache watoto waoge hapo.

Ukikutana na mtu

Utakutana na mama wa kuni kabla ya kukutana na mwizi yeyote. Salimia, "mulembe mama", msaidie kupandisha mzigo kichwani kama ameutua, na usitoe simu. Hawa ndo wanajua nani ameingia na powasoo usiku gani, lakini hawawezi kumwambia mtu aliyeanza kwa kuwapiga picha. Kuni kavu za kuvunja kwa mkono, nyembamba, hizo ni za jikoni. Magogo mabichi yaliyokatwa urefu mmoja yakisubiri pikipiki kando ya njia, hizo si za jikoni.

Ukikutana na wenye msumeno, salimia pia, uliza njia ya kurudi Shinyalu kama mgeni aliyepotea, uende. Picha hapo usipige kabisa.

Kuandika ili ripoti isitupwe

Andika tarehe, saa, namba za GPS, kitu gani, kipya ama cha zamani, na kiasi. Chini ya miti mikubwa GPS inaruka ruka, sogea kwa uwazi kidogo usubiri dakika itulie. Kwa huu msitu namba ya kwanza inaanza na 0.1, 0.2 ama 0.3 na ya pili ni 34 na kitu. Ukiona alama ya kutoa mbele ya ile ya kwanza, umejipeleka kusini mwa ikweta, nakili tena.

Picha tatu zinatosha: ya karibu ukiweka kalamu ama kiatu ili ukubwa uonekane, ya mbali kidogo, na moja ya kitu kinachotambulika, mto, jiwe, njia panda. Ukituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida inapunguzwa na ile taarifa ya mahali ilipopigiwa inafutwa, kwa hivyo itume kama dokyumenti. Na usiiweke kwa grupu la kijiji ama statasi, mwenye tanuri pia yuko kwa hilo grupu. Hivo hivo kiota cha kasuku ama mahali Prunus imebaki, hiyo ni ya foresta tu.

Kupeleka

Isecheno na kusini nenda kituo cha KFS, Buyangu na Kisere nenda KWS. Wanyama popote pale ni KWS. Mpe nakala mwenyekiti wa chama cha msitu cha jamii, ile CFA, ju hao wanatambuliwa na hiyo sheria ya 2016 na ndo watauliza kesi imefika wapi wewe ukiwa umesharudi kazini. Kama una wasiwasi kuhusu jina lako, pitia kwao, wao wapeleke kama kikundi. Chifu pia ni sawa kwa mambo ya mifugo na moto. Kukata mti ndani bila kibali ni faini isiyopungua shilingi 100,000 ama jela isiyopungua miezi sita, kwa hivyo usimtaje mtu kwa kusikia tu, taja ulichoona kwa macho yako na hayo mengine waachie wachunguze.

Ukipeleka polisi omba namba ya OB, ile ya kitabu chao cha matukio, uiandike. Ukikaa wiki mbili kimya rudi na ile namba, uliza kwa upole, na kama bado, peleka kwa baraza ukiwa na mwenyekiti wa CFA na zile picha zikiwa zimechapishwa kwa karatasi, ju wazee wengi wa baraza hawatainama kuangalia skrini ya simu yako kwenye jua.